Jino limechelewa? Mtazame mwenziwe kabla ya kuhesabu miezi

Kiswahili kina neno zito kwa mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu: kigego. Zamani neno lile lilikuwa hukumu. Mtoto alihesabiwa nuksi ya nyumba nzima, na wako walioachwa wafe kwa sababu hiyo tu. Leo hakuna anayefika huko, lakini bado utamsikia bibi akilitaja kwa sauti ya chini mjukuu anapochomoza jino la juu kwanza. Kitabibu hapana kitu hapo. Kwa kawaida meno mawili ya mbele ya chini hutoka baina ya miezi 6 na 10, na ya juu hufuata miezi 8 hadi 12. Watoto wengine hugeuza zamu. Hapahitajiki dawa, wala kombe, wala eksirei.

Ila wazee wale walikuwa na jicho moja zuri: walitazama zamu. Wazazi wa sasa hutazama kalenda. Huhesabu miezi kwenye simu, wakamlinganisha mtoto na wa jirani, wakapata wasiwasi. Kipimo hicho ni dhaifu. Jino la utotoni linaweza kuwahi au kuchelewa miezi kadhaa bila ya tatizo lolote, na la ukubwani mwaka mzima. Kinachosema kweli ni mwenziwe, yaani jino lile lile la upande wa pili wa taya hiyo hiyo. Kulia kukiota, kushoto hutakiwa kufuata ndani ya miezi 6. Ikipita hapo ndipo pa kuuliza kwa nini. Na zamu, ambayo kwa mtoto mchanga haina maana, huanza kusema jambo kubwa mtoto akifika miaka 7.

Mwaka umetimia, kinywa kitupu

Mtoto wa miezi 12 asiye na jino hata moja, lakini anakaa, anatambaa, anakula na uzito wake unapanda vizuri kwenye kadi ya kliniki, mwache. Akifika miezi 15 apitishwe kwa tabibu wa meno aangaliwe. Akifika 18 bado hana kitu, hapo uchunguzi haukwepeki.

Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto wa miezi 13 aliyewahi kwa miezi miwili na nusu, kwa meno ni mtoto wa miezi 10 na nusu, na kesi yake imekwisha pale pale. Waulize pia baba na mama: walichelewa? Jambo hili hurithiwa sana.

Jino moja kuchelewa ni habari ya taya. Meno yote kuchelewa huweza kuwa habari ya mwili mzima, kwa hiyo usiishie kinywani. Utosi bado umefunguka sana kuliko umri wake? Vifundo vya mikono vimenenepa, miguu imepinda? Huenda ni matege, na matege yapo hata kwenye jua hili letu, kwa watoto wanaokaa ndani mchana kutwa na kula uji mtupu usio na maziwa wala dagaa. Mtoto mzito wa kuamka, ulimi mkubwa, sauti ya kukwaruza, choo kigumu, anachelewa kukaa? Hiyo ni picha ya tezi ya shingo isiyofanya kazi, na ndiyo isiyotakiwa kupitwa, kwa sababu kila mwezi unaopotea bila ya dawa huharibu ubongo. Vipimo ni vya damu: homoni za tezi, kalisi, fosfeti na kimeng'enya cha mifupa. Watoto wenye Down syndrome (kasoro ya kuzaliwa nayo ya kromosomu) huchelewa meno kwa kawaida yao, na mpangilio wao hubadilika. Kwao ratiba ya kawaida haitumiki.

Ngozi kavu, nywele chache, mtoto asiyetoka jasho, na meno machache yenye ncha kama msumari, ni kasoro ya kuzaliwa ya ngozi na meno. Huyu hupelekwa kwa bingwa mapema, na wazazi waambiwe wamlinde na joto, maana asiyetoka jasho hupandwa na homa kwa mchezo wa jua tu.

Jino la kuzaliwa nalo

Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 3,000. Karibu kila mara ni jino la mbele la chini, na mara nyingi sana si la ziada: ni lile lile la utotoni lililowahi. Ukiling'oa, pengo litabaki mpaka miaka 6 au 7. Kwa hiyo jino lililo imara huachwa. Likiwa linaukata ulimi wa mtoto kwa chini mpaka kidonda, ncha yake husuguliwa ikawa laini, na kidonda hupona. Maziwa ya mama yasikatishwe.

Linaloning'inia ndilo la kutoa, kwa hofu ya kuvutwa pumzini. Lakini tazama siku. Mtoto wa chini ya siku 10 hana vitamini K ya kutosha kugandisha damu, hasa aliyezaliwa nyumbani bila ya sindano yake. Ama asubiriwe zipite siku 10, ama achomwe vitamini K kwanza. Kulivuta kwa uzi siku ya tatu nyumbani ni kumtafutia mtoto kutokwa na damu isiyosimama.

Homa, kuharisha, na "meno ya plastiki"

Kuota meno humfanya mtoto atokwe na mate, atafune vidole, akasirike na kulala vibaya siku mbili tatu kila jino linapochomoza. Joto hupanda kidogo. Homa ya 38 na zaidi haitokani na jino. Kuharisha pia hakutokani na jino, ingawa mtoto wa umri huu huokota kila kitu sakafuni na kukitia mdomoni, na hapo ndipo kuharisha kunapoanzia. Mtoto mwenye homa apimwe malaria. Imepungua sana Zanzibar, lakini haijaisha, na kipimo cha haraka hujibu ndani ya dakika 20. Asikilizwe kifua, apimwe mkojo. Akiwa na ufizi mwekundu uliovimba, vidonda vidogo kwenye ulimi na midomo, na hataki hata maji, huo ni ugonjwa wa virusi kinywani, na hatari yake ni kukaukiwa maji.

Bara na nchi jirani kuna imani kwamba mtoto anayeharisha ana meno ya plastiki, au ya nailoni, na lazima yachokolewe. Familia huhama na imani zao, kwa hiyo kinywa kilichochokolewa kinaweza kufika hata kwenye kiti cha tabibu wa Chake Chake, Pemba. Kinachochokolewa ni chonge. Kichipukizi chake huufanya ufizi uvimbe weupeweupe kwa mtoto wa miezi michache, na uvimbe huo ni wa kawaida kabisa. Hukatwa kwa kisu au kwa chuma chochote chenye ncha, bila ya ganzi. Mtoto hupoteza damu, huingiwa na pepopunda au vijidudu vya damu, na wengine hufa. Anayepona hubaki na alama: kichipukizi cha chonge ya ukubwani kipo karibu mno na kile kilichochokolewa, kwa hiyo akifika miaka 11 chonge haitoki, au inatoka imepinda na ina mashimo. Mtoto mwenye meno yote ya utotoni isipokuwa chonge, muulize mama taratibu, bila ya kumsuta.

Sasa mafuta ya karafuu. Pemba ndiko kwao, na kiwanda cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi kinajulikana na kila mtu, kwa hiyo chupa ipo karibu katika kila nyumba. Kwa jino bovu la mtu mzima tone moja kwenye pamba hutuliza. Kwa ufizi wa mtoto mchanga usiyaguse. Mafuta yasiyochanganywa huunguza ngozi laini ya kinywa, na mtoto aliyemeza mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini. Naandika hili kwa mkazo kwa sababu ni dawa ya nyumbani, na dawa ya nyumbani haiogopwi.

Jeli za ganzi za kupaka ufizi nazo ziache. Zenye benzokeini huweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka 2. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Ushanga au kigwe cha shingoni kivuliwe anapolala.

Kinachofaa ni rahisi. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa, kikawekwa kwenye friji (si kwenye barafu), apewe atafune huku umemshika. Usugue ufizi kwa kidole kilichonawishwa. Usiku mgumu, paracetamol kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 ni miligramu 80 hadi 120. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 3.3 hadi 5, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa, kwa sababu nguvu zake hutofautiana.

Ukiona uvimbe wa buluu au rangi ya zambarau juu ya jino linalotaka kutoka, usishtuke. Ni maji au damu kidogo iliyojikusanya baina ya jino na ufizi. Hupasuka wenyewe jino likisukuma. Hufunguliwa kwa mkato mdogo tu ikiwa umeingia usaha, unauma sana, au umekaa wiki kadhaa bila ya mabadiliko.

Mtoto anaanza skuli, meno yamekuwa safu mbili

Miaka 6 na 7 ndiyo inayoleta wazazi wengi. Meno ya mbele ya chini ya ukubwani yametokea nyuma, upande wa ulimi, na ya utotoni bado yamesimama. Mara nyingi dawa ni kidole cha mtoto mwenyewe. Jino la utotoni likitikisika, alitikise kila siku, ale muwa, embe bichi, vitu vya kutafuna. Likianguka, ulimi husukuma jipya mbele, na kufikia miaka 8 mengi yamejipanga, ilimradi nafasi ipo. Lisipotikisika kabisa, au miezi miwili mitatu imepita bila ya dalili ya kulegea, ling'olewe kwa ganzi. Kwa meno ya juu usisubiri hivyo. Jino la juu likitokea nyuma huishia kuuma nyuma ya lile la chini, likafungwa hapo, na baadaye litataka waya wa kunyoosha meno.

Kosa la kuepuka hapa ni kung'oa meno manne ya mbele kwa mpigo ili kuweka nafasi. Meno ya ukubwani ni mapana kuliko ya utotoni, na taya huendelea kutanuka mpaka chonge zitoke. Ng'oa lililozuia, si majirani zake.

Wakati huo huo, nyuma kabisa, gego la miaka 6 linatoka kimya kimya. Halikuangusha jino lolote, kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utotoni. Huoza, hung'olewa, na mtoto wa miaka 9 anakuwa amepoteza jino ambalo halina mrithi. Tangu linapochungulia lisuguliwe kwa mswaki uliolazwa ubavuni, kwa sababu liko chini kuliko mengine na mswaki wa kawaida hulipita juu. Vijishimo vyake vikizibwa kwa kizibio kigumu cha meno mara tu sehemu ya juu inapokuwa wazi yote, kazi kubwa imefanyika. Kiasi cha dawa ya mswaki: chembe ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, chembe ya njegere kuanzia hapo, iwe na floridi.

Gego hili nalo hukwama. Badala ya kupanda wima, hulalia mbele na kuingia chini ya gego la pili la utotoni. Unaona nusu yake ya nyuma tu imetoka huku la upande wa pili limekamilika, na hapo mwenziwe ndiye shahidi. Takriban theluthi mbili hujinasua zenyewe kufikia miaka 7, kwa hiyo hupigwa picha ndogo ya eksirei, husubiriwa miezi 3 hadi 6, hupigwa tena. Lisiponasuka, huingizwa kipete cha mpira baina ya meno mawili hayo na kubadilishwa kila wiki, au waya wa shaba nyeupe unene wa milimita 0.5 hadi 0.6 uliopitishwa kwenye mgusano na kukazwa kila baada ya wiki mbili. Kipete kikipotea chini ya ufizi bila ya mtu kujua, huleta usaha na kula mfupa. Kwa hiyo kihesabiwe kinapoingia na kinapotoka, na kiwe na rangi ya kung'aa.

Jino la mbele la juu ambalo halikutoka

Hapa ndipo zamu inaposema. Kuna dalili 3, na hata moja ikiwepo, mtoto apigwe picha ya eksirei: la upande wa pili limetoka zaidi ya miezi 6 iliyopita, yote mawili ya juu hayapo ilhali ya chini yametoka zaidi ya mwaka, au jino la pembeni limelitangulia la katikati. Hii ya tatu ndiyo inayopitwa zaidi, kwa sababu mzazi anaona jino jipya na kufurahi, asijue kwamba limeruka zamu.

Kabla ya picha, fanya haya kwa mkono. Hesabu meno yote na uyaandike. Pima pengo kwa rula ya milimita: jino la katikati la juu linahitaji karibu milimita 9, na jirani akishainamia pengo hubaki 5 au 6. Pitisha kidole juu ya ufizi, upande wa mdomo na upande wa kaakaa, utafute kivimbe kigumu. Kisha muulize mama: aliwahi kuanguka akaumia mdomo baina ya mwaka 1 na miaka 4? Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, ukingo wa baraza, baiskeli. Jino la utotoni likigongwa likazama ndani, mzizi wake hugonga kichipukizi kilicho nyuma yake, na jino la ukubwani hukua limepinda kama ndoana. Miaka mitano baadaye hakuna anayekumbuka mpaka aulizwe.

Picha ziwe mbili, mashine ikisogezwa pembeni baina ya moja na nyingine. Jino lililojificha likionekana kuhama kuelekea kule mashine ilikosogea, liko upande wa kaakaa. Likihama kinyume, liko upande wa mdomo. Bila ya hili mpasuaji hufungua upande usio. Panorama, yaani eksirei moja pana ya kinywa kizima, ni nzuri kwa kuona taya zima, lakini sehemu ya mbele kabisa huwa na ukungu, kwa hiyo haiondoi haja ya picha ndogo.

Kinachopatikana mara nyingi ni jino la ziada katikati. Lenye umbo la msumari husukuma na kupindisha. Lenye umbo la pipa ndilo linalokaa juu ya njia na kuziba kabisa. Hutolewa kwa upasuaji. Baada ya hapo, ikiwa mzizi wa jino halisi haujakamilika na pengo lipo, mengi hushuka yenyewe, ila huchukua muda, mara nyingi mwaka au zaidi. Mzazi aambiwe hivyo kabla, asije akahamia kwa mganga mwezi wa tatu. Pengo lisipotosha, lifunguliwe kwanza kwa waya au kifaa cha kuvaa na kuvua. Kulifungulia jino mlango usiopitika ni kazi bure.

Lisiposhuka, hufunguliwa, kifungo hugandishwa kwenye kichwa cha jino, na mnyororo mwembamba huvutwa kwa nguvu ndogo, takriban milimita 1 kwa mwezi. Nguvu kubwa huua kiini au huligandisha jino na mfupa. Na namna ya kukata ina umuhimu wake: daktari akiondoa kidirisha cha ufizi laini wa juu, jino litashuka bila ya ufizi mgumu wa kulizunguka, na miaka ijayo ufizi utarudi nyuma na mzizi kuonekana. Ufizi mgumu huinuliwa na kurudishwa, hautupwi.

Iko hali nyepesi zaidi: utotoni jino liling'olewa mapema, ufizi ukawa mnene kama ngozi, na jino liko chini yake, kichwa kinaonekana kwa weupe. Picha ikithibitisha kwamba hakuna mfupa juu yake na theluthi mbili za mzizi zimeshajengeka, kidirisha kidogo kwa ganzi kinatosha. Mzizi ukiwa mfupi zaidi ya hapo, jino bado halijaamua kutoka, na kukata ni kuharakisha lisilo tayari.

Magego ya utotoni: "yataanguka tu"

Maneno haya mawili yana gharama. Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, na kazi yao moja ni kuwawekea nafasi magego madogo yatakayofuata. Mtoto wa miaka 5 aking'olewa gego la pili, gego la miaka 6 huteleza mbele, na sehemu kubwa ya nafasi hupotea ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Miaka sita baadaye mrithi anakwama, na familia inaambiwa kuhusu waya wa gharama ambayo hawaiwezi. Isitoshe, gego likitolewa kabla ya miaka 8 hivi, mfupa na ufizi hujifunga juu ya mrithi na kumchelewesha. Hupenya mfupa pole pole, miezi 4 hadi 5 kwa kila milimita.

Kwa hiyo jino linalozibika lizibwe. Lililooza sana lakini bila ya usaha livikwe kofia ya chuma, ambayo kwa mtoto asiyeumwa huweza kuvikwa bila ya ganzi wala kuchimba. Likilazimika kutoka, uliza siku ile ile kuhusu kishikilia nafasi. Cha kawaida ni pete ya chuma kwenye jino la nyuma na kitanzi cha waya wa milimita 0.9 kinachogusa jino la mbele. Kitanzi kiwe kipana, takriban milimita 8, ili mrithi apite katikati yake, na kikae juu ya ufizi bila ya kuubana. Hugandishwa kwa saruji ya meno. Huangaliwa kila miezi 6, kwa sababu saruji hupasuka kimya, pete inalegea, na jino linaoza chini yake. Halua na kashata ndizo zinazoing'oa. Kitolewe mara mrithi anapochungulia.

Kishikilia nafasi hakina faida pengo likishajifunga, wala mrithi akiwa karibu kutoka. Meno ya mbele ya utotoni pia hayahitaji, kama chonge zimeshatoka. Hapo pengo ni la kuchekwa na wenzake tu, nalo si dogo kwa mtoto, lakini halibadilishi mpangilio.

Kuna gego la utotoni ambalo halianguki bali huzama. Kila mwaka linaonekana fupi kuliko majirani. Ligonge kwa mpini wa kioo cha meno: majirani hutoa mlio mzito, lenyewe hulia kama chuma. Limeungana na mfupa. Mrithi akiwepo, mara nyingi huanguka lenyewe kwa kuchelewa kidogo. Likizama mpaka majirani wanaliinamia, litolewe. Mrithi akiwa hayupo, na gego dogo la pili la chini ni miongoni mwa meno yanayokosekana zaidi, usiling'oe kabla ya kuonana na bingwa wa mpangilio wa meno. Huenda likamhudumia mtoto mpaka utu uzima.

Chonge, jino linalosahauliwa

Chonge ya juu husafiri njia ndefu kuliko jino lolote, hutoka miaka 11 hadi 12, na kwa watu 1 au 2 kati ya 100 hupotea njia, mara nyingi kuelekea kaakaa. Haiumi. Hula mzizi wa jino la pembeni pole pole, na siku moja jino lile zuri linaanza kutikisika.

Uchunguzi wake ni wa kidole. Kuanzia miaka 9, kila mwaka, bonyeza ufizi juu ya chonge ya utotoni, upande wa mdomo. Unatakiwa kuhisi kivimbe, kulia na kushoto. Akifika 10 au 11 na upande mmoja uko bapa, au chonge ya utotoni ya upande huo haitikisiki ilhali mwenziwe ameshaanguka, piga picha. Tiba ya wakati huo ni rahisi ajabu: kuing'oa chonge ya utotoni tu. Katika utafiti wa Ericson na Kurol wa mwaka 1988, chonge 36 kati ya 46 zilizokuwa zikielekea kaakaani zilirudi njia yake. Zilizokuwa hazijavuka katikati ya mzizi wa jino la pembeni zilirudi asilimia 91, zilizovuka, 64. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kuchelewa. Lazima nafasi iwepo, na picha irudiwe baada ya mwaka. Isipobadilika, ni upasuaji na mnyororo, miaka miwili au zaidi ya waya.

Ukikuta magego ya nyuma upande mmoja hayakupanda kabisa, mdomo ukifungwa yanaacha uwazi, na hakuna kitu kilichoyazuia kwenye picha, usikubali yavutwe kwa waya. Iko kasoro ya kurithi ambayo jino halina nguvu ya kupanda. Likivutwa huungana na mfupa, na majirani wanaovuta ndio wanaozama.

Kwa walio Micheweni, Kojani au Makunduchi: panorama haipo katika kila kituo, na hata ilipo mashine huharibika. Piga simu kwanza, hospitali ya Mnazi Mmoja (Unguja) au Abdalla Mzee (Pemba), kabla ya kulipa nauli. Chukua kadi ya kliniki na andika tarehe kila jino lilipotoka, kulia na kushoto. Ukipigiwa picha, omba uondoke nayo, au ipigwe picha kwa simu ikiwa juu ya mwanga, jina na tarehe vikionekana. Anayepewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, bila ya picha yake ya mwaka jana hupigwa upya, na daktari wa huko hana namna ya kujua kama jino limesogea au limesimama pale pale.